Andongwisye wa Ikolo na Vigae Vyake vya Kiingereza

Wazazi wetu, wakwe zetu mliokuja kwa mitumbwi, na nyinyi wanafunzi wake mliojaa hapo nyuma, mimi mdogo wake nimepewa na ukoo kazi ya kumwelezea kaka.

Andongwisye alizaliwa Ikolo mwaka 1880, mwaka 1896 akavuka Mto Songwe kusoma kwa wamisheni wa Kiskoti, akarudi mwaka 1903 na Kiingereza kizima kichwani, katika nchi ambayo Mjerumani alitaka karani wa Kiswahili, kwa hiyo kazi hakupata, nami niliyemfuata shule ileile sijapata mpaka leo.

Mwaka 1906 alimwoa Rut, binti wa wafinyanzi wa Kikisi, wakajaliwa Angetile na Tomasi, na kwa kuwa hakuwa na vibao vya kuandikia, aliwafundisha vijana kwa vigae vya vyungu vya mkewe vilivyovunjika, kila kigae neno moja la mkaa, kisha wavigawe mafungu matatu: Rut anafinyanga, "mould", fungu la verb, chungu chembamba, "thin", fungu la adjective, anafinyanga taratibu, "slowly", fungu la adverb, na aliyekosea aliambiwa, "Wewe, usinichanganyie chungu na mkono wa mama."

Tarehe 2 Septemba 1914, vita vimeanza, askari walikuta kwake vigae vya "come", "quickly", "many", wakasema ni habari za kumpelekea Mwingereza ng'ambo, bwana luteni wao Mjerumani akawauliza wanafunzi kama wanavijua, na Nsajigwa, aliyekuwa wa kwanza darasani, akajibu, "Nein, Herr", yaani hapana, bwana, wenzake wakatazama chini, akabaki Rut peke yake, amepiga magoti, anavipanga mafungu matatu ili waone kuwa ni somo tu, mpaka askari mmoja alipovipiga teke.

Kaka alifungwa mnyororo, akabebeshwa mizigo ya jeshi, akarudishwa Aprili 1916 kwa machela, mguu umeoza, anahara damu, akafariki tarehe 19 Juni 1916, wiki tatu baada ya Waingereza kuingia na Nsajigwa kupata ukalimani kwao.

Tunamshukuru mganga wa misheni aliyeusafisha ule mguu wakati sisi tuliposhindwa kuukaribia, na majirani wa Ipinda kwa mchele na ndizi, ndaga fijo, asanteni sana. Nanyi wanafunzi tunawashukuru kwa sanda mliyoinunua kwa mshahara wa Mwingereza, you are very kind, ila Rut ameikataa, mumewe anazikwa na mkeka wa nyumbani, sanda yenu iko pale mlangoni, mtaichukua mkiondoka.

Pumzika kwa amani, kaka. Sisi tunabaki na hawa wanafunzi wako.