Aling Petang na Tepu Aliyomkabidhi Hiyas

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Aling Perpetua Macaraeg anafunika cherehani yake baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha mavazi cha kampuni yetu ya filamu hapa Quezon City. Sisi tunamwita Aling Petang, yaani Bi Petang.

Alianza kwa kushona vifungo. Mwaka wa tatu alikabidhiwa kwa mara ya kwanza mavazi ya arusi ya filamu, akashona mashati rasmi ya barong arobaini, yote yana mfuko kifuani kama ya kuvaa ofisini. Mwongozaji akauliza, "Hii ni arusi au mkutano wa makarani wa posta?" Aling Petang hukisimulia kisa hicho mwenyewe kila siku saa kumi jioni, akigawa mikate ya pandesal, na hucheka kabla yetu.

Lakini nikimkumbuka, namkumbuka kwa filamu ya Hiyas.

Hiyas alikuwa na miaka kumi na saba. Alizaliwa na maumbile ambayo mkunga hakujua ayaite ya kike au ya kiume, na filamu aliyokuja kuigiza ilihusu kijana kama yeye. Siku tatu kabla ya kupiga picha alikuja kupimwa. Desturi yetu ilikuwa mmoja kupima na kutangaza namba kwa sauti, mwingine kuandika daftarini, upande wa mabibi au wa mabwana, na chumba kizima kutia utani.

Msaidizi mmoja akapaza sauti, "Kifua cha dume, kiuno cha jike! Huyu nimwandike wapi?"

Watu wakacheka. Hiyas akachukua begi lake, akatoka. Msaidizi huyo ni mimi, na aibu ile ninayo hadi leo.

Aling Petang hakunifokea. Alichukua tepu ya kupimia, akaniamuru tumfuate Hiyas nikamwombe radhi. Tulimkuta kituoni, anasubiri jeepney, basi dogo la abiria, ya kumrudisha kwao. Nikaomba radhi, hakunitazama. Aling Petang akaketi kando yake, akamwekea tepu mapajani.

"Mwanangu, mwili ni wako. Jipime mwenyewe, mimi uniletee namba tu."

"Na nikikudanganya, Mama?"

"Ukinidanganya, nguo itakubana wewe. Mimi itanibana wapi?"

Hiyas akacheka, huku machozi yanamtoka. Jeepney ikaja, ikaondoka bila yeye.

Filamu ile ilikamilika, na vazi la Hiyas lilimkaa vizuri kuliko yote tuliyowahi kushona. Mimi nikapewa daftari jipya lisilo na upande wa mabibi wala wa mabwana, nihamishe majina mia sita kwa mkono. "Mdomo ulikimbia," alisema Aling Petang, "sasa mkono uufuate." Ilinichukua wiki tatu. Tangu hapo, kwetu hapimwi mtu mbele za watu, na anayetaka kujipima hupewa tepu.

Juzi ilikuwa zamu ya Aling Petang kupimwa, kwa ajili ya gauni la kuagwa. Nilimpa tepu, nikageukia ukuta. Kiuno chembamba alichonitajia hakijawahi kuwa chake tangu nimfahamu. Nimekiandika vilevile alivyosema, na Hiyas, ambaye siku hizi ni mshonaji mwenzetu, amekata kitambaa kwa namba hiyohiyo. Ila kwenye mishono ya pembeni, bila kuniuliza, ameacha akiba ya kitambaa ya vidole vinne, ya kufumuliwa gauni likibana.

Asante, Aling Petang. Nenda ukapumzike, ule ushibe. Nafasi ipo.