Mama Anayeigeuza Paneli ya Darasa la Jioni, Marani

Mgeni rasmi, Mhandisi Marion Nyamweya, mwalimu wetu Gibson, wazee na majirani, pokeeni salamu zetu.

KARIBU

Karibu Marani. Tumeshukuru umefika asubuhi, maana hapa kwetu ikishapita saa nane mchana mvua huchukua zamu, na jua hatulioni tena.

TULIKOTOKA

Tulipopewa paneli ya sola, tuliifunga juu ya mabati ya darasa ikitazama barabara, ili kila anayepita ajue kwamba na sisi tuna stima. Barabara iko upande wa machweo. Basi asubuhi jua liliipiga mgongoni, na lilipoanza kuifikia usoni, mvua ilikuwa imeshabisha hodi. Taa zilizimika katikati ya hesabu. Tukalaumu betri, kumbe makosa yalikuwa yetu.

Walter, fundi wa baiskeli, aliiteremsha akaifunga kwenye mlingoti pale juu mwinukoni, kwa ekseli kuukuu ya baiskeli, iweze kuinamishwa mashariki na magharibi. Kwenye fremu akasimamisha msumari. Msumari ukikosa kivuli, paneli inalitazama jua sawasawa. Kivuli kikirefuka, isogezwe. Edinah Bosibori, ambaye nyumba yake iko karibu na mlingoti, akasema ataisogeza kwa wiki moja.

Huu ni mwaka wa pili.

TULICHOPATA

Sasa taa zinawaka hadi somo la mwisho. Mama Alfayo anajisomea kadi ya kliniki. Mzee Onyancha ameandika barua yake ya kwanza, akaisoma mbele ya darasa mara tatu.

KINACHOTUUMA

Mgeni rasmi, tuliandika orodha ya zamu. Hatukuifuata. Asubuhi tunaingia kwenye majani chai, siku ya soko tunateremka Daraja Mbili, na Edinah anabaki na mtoto wake na ule msumari. Mumewe yuko kazini Naivasha. Akienda kisimani hukimbia kurudi. Kutoka pale juu anatusikia tukicheka shambani, asijue tumecheka nini, na jioni tukifika darasani hakuna anayekumbuka kumweleza.

Mwenzetu Mong'ina alimtania kwamba ameolewa na paneli. Edinah akajibu kwamba huyo angalau hamkatizi akiongea. Tulicheka sana. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, hatukucheka tena.

Mtoto wake ameanza kusema. Neno lake la kwanza ni jua. Majina yetu hayajui bado, kwa sababu hatujakaa naye.

OMBI

Tunaomba mota ndogo yenye jicho la kufuata mwanga, iigeuze paneli yenyewe. Tunasikia wewe unazitengeneza. Walter yuko tayari kujifunza kuitunza, na mlingoti ni imara.

Tulipokuwa tukiandika risala hii, tulimuuliza Edinah tumwombee nini. Alisema, "Ombeni mota ya darasa. Mambo yangu msiyaandike."

Tumeyaandika, Mgeni rasmi. Atusamehe. Tungeweza kukwambia mota itaongeza mwanga, lakini mwanga wa kutosha tunao, anautoa yeye. Tunachotaka ni kumrudisha Edinah shambani kati yetu, abebe kikapu chake na kubishana na Mong'ina. Na mota ikikawia, tumekubaliana leo, mbele yako, kwamba zamu zinaanza kesho. Ya kwanza ni ya Mong'ina mwenyewe.

Labda umetafuta kwa macho ni yupi kati yetu. Hayupo hapa. Kipaza sauti hiki kinatumia betri ile ile, na yeye alisema mgeni asikatikiwe maneno. Yuko pale juu, nyuma ya migomba, anaisogeza. Tunakuomba, kabla hujaondoka, upande huko juu umsalimie. Ukifika, usiulize kwanza habari za paneli.

Mungu akulinde njiani, na akupe nyumba isiyokosa mtu wa kuongea naye.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni, Marani.