Bi Tarehe na Barua Iliyokaa Kwenye Droo

Ndugu, majirani na wote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia inawasomea maisha yake kama alivyoagiza mwenyewe, na aliagiza tusiruke kitu, hasa mwezi wa sita wa mwaka 1983.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto watatu wa seremala na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, akasomea uhazili miaka miwili, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa masjala ya Bunge, chumba chenye dirisha moja, makabati ya chuma na muhuri wa kugonga tarehe kila barua iingiayo. Huko ndiko alikopata jina la Bi Tarehe, maana ukimuuliza hali ya mtoto, alikutajia kwanza siku aliyoanza kukohoa. Tarehe 21 Desemba 1974 aliolewa na fundi saa, ambaye alichelewa harusini kwake dakika arobaini na akakumbushwa hilo mpaka alipofariki mwaka 2012, nao walijaliwa binti mwaka 1976 na mwana mwaka 1979.

Sasa ule mwezi. Katiba ilimruhusu Rais kupeleka wanajeshi nje bila Bunge kutangaza vita, ila alitakiwa kuliarifu Bunge kwa barua, na tangu siku barua inapogongwa muhuri zilihesabiwa siku hamsini, na zikiisha bila Bunge kupiga kura ya kukubali, wanajeshi warudi. Barua ya namna hiyo ililetwa Alhamisi tarehe 9 Juni 1983, ikiyaita mapigano yale msaada wa ulinzi, wakati mdogo wetu wa mwisho, dereva wa lori la jeshi, ameshavuka mpaka, na mkuu wa masjala akamwambia dada aiweke kwanza kwenye droo, wakubwa bado wanazungumza. Aliiweka. Hakutishwa na mtu, aliona haya tu kubishana na mkubwa wake, akaigonga tarehe 30 Juni alipoambiwa, kwa tarehe ya siku hiyo. Wanajeshi walipaswa kurudi tarehe 29 Julai, wakarudi tarehe 19 Agosti, na mdogo wetu aliuawa tarehe 11 Agosti, akaacha mke na binti wa miaka miwili. Dada aliinyamazia hesabu hiyo, nayo ikamla moyo.

Tarehe 4 Novemba 1996 ilikuja barua nyingine ya namna ile, na ofisa aliyeileta, mtu mpole mwenye tai, alimwomba aisubirishe wiki moja tu, naye akamkaribisha kiti, na kabla hajakaa vizuri muhuri ulikuwa umeshagongwa. Siku alizihesabu kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, wabunge wakawa wanapita kuchungulia, na siku ya hamsini ilipofika bila kura, wanajeshi wakaanza kurudishwa, naye akahamishiwa stoo ya viti, alikokaa mpaka alipostaafu mwaka 2006, kila kiti kikiwa na namba yake.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na wifi yake, mjane wa yule dereva, alihamia kwake akamuuguza, akimwogesha na kumlisha kwa kijiko. Mwezi Januari mwaka huu wa 2023 dada alijikaza akamweleza wifi habari ya droo, huku analia. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia anajua miaka yote, kwa sababu mumewe alimwandikia kwamba barua imepelekwa Bungeni tarehe 9, amtarajie mwisho wa Julai, na asiwe na wasiwasi, kwani anayegonga muhuri ni dada na dada hakosei tarehe. Kisha akamwambia afungue kinywa, uji unapoa.

Alifariki Jumamosi tarehe 18 Februari 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa wifi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliofua shuka bila kuombwa, na wenzake wa masjala, ambao leo wamefika mapema kama alivyowazoesha. Umehesabu vya kutosha, dada, wifi yako amekusamehe zamani, sasa pumzika kwa amani.