Vizibo vya Rangi ya Sare

Muuguzi alikuwa kwenye treni ya asubuhi akienda kazini, na uvumilivu ulikuwa umemwishia vituo viwili nyuma. Mshonaji aliyekaa mbele yake alikuwa akimpeleka bintiye shuleni, akarudishwe darasa la chini kwa kutomsikiliza mwalimu.

"Masikio yanatoa usaha, namwekea vizibo," mshonaji alieleza kwa fahari. "Nashona mwenyewe, rangi moja na sare." Vilishonwa vizuri, hilo halina ubishi.

"Dada yangu, unamziba masikio halafu unamlaumu hasikii?"

"Kaidi tu huyo! Baba yake vilevile."

"Baba yake mwache! Usaha ukitoka nje, ngoma ya sikio imeshatoboka. Sauti itapenya wapi? Na mbona hilo linatibika!"

"Mwalimu mkuu anatungoja."

"Na daktari je?"

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Muuguzi akauzuia mlango kwa bega, akanyoosha mkono. "Shuka naye, nakuomba."

"Shuka wewe, bibi wee, unatuchelewesha!" mshonaji akafoka.

Mtoto hakuambulia neno hata moja. Aliuona ule mkono tu, akainuka.