Jaruba la Kapteni Sedekia Kalinga

Habari za msiba huu Faustina, mke wa marehemu, aliambiwa kwanza na shemeji yake, Zabron Kalinga, ambaye hakutaka kuzisema kwa simu, bali alipanda basi kutoka Ipogolo hadi Ubaruku, akamkuta uani akianua mpunga wa kupeleka mashineni, jioni ya Jumatatu tarehe 20 Januari 2025.

Kapteni Sedekia Ezekia Kalinga alizaliwa tarehe 3 Mei 1988 hapa Ipogolo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ezekia Kalinga na Mama Marta, akabatizwa katika Kanisa la Kilutheri, akaanza darasa la kwanza mwaka 1996 na kumaliza kidato cha sita mwaka 2009, na kote alikosoma alikuwa kiranja, hata pale ambapo hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Alijiunga na jeshi mwaka huohuo, akatunukiwa kamisheni mwaka 2012, akawa Kapteni mwaka 2019, na tarehe 14 Desemba ya mwaka huo alifunga ndoa na Faustina, binti wa wakulima wa Ubaruku, Mungu akawajalia watoto wawili, Amos aliyezaliwa mwaka 2021 na Happy aliyezaliwa mwaka 2023.

Kila likizo ya msimu wa kupanda alivua viatu na kuingia katika jaruba lao la mpunga pamoja na mkewe, lakini aliikataa kamba ile inayonyoosha mistari ya miche, akisema jicho la afisa linatosha, na mistari yake ilipinda kiasi kwamba mama yake, alipokwenda kuwatembelea, alimwambia mbele ya watu, "Baba, askari wako wakisimama hivi, si utawaweka ndani wote?" naye alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Mwezi Julai 2024 alikwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kuhusu ugonjwa hatuna la kusoma, kwani zaidi ya jino moja lililong'olewa hakuwahi kuugua, ila Jumamosi tarehe 18 Januari, akisindikiza maji ya kunywa ya wanakijiji, gari lake lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani, akafariki siku hiyohiyo mikononi mwa madaktari wa kambi, akiwa na miaka 36.

Familia inawashukuru madaktari hao, jeshi lililomrudisha nyumbani, maafisa wenzake waliombeba, na majirani wa Ubaruku na Ipogolo waliopika, wakateka maji na kukesha nasi.

Wapo waliouliza kwa nini mjane alionekana shambani wakati mkeka wa msiba umekwisha kutandikwa, nasi tunajibu hapa ili asiulizwe tena. Mbegu zilisiwa kitaluni tarehe 31 Desemba, na katika simu yao ya mwisho marehemu alimwambia, "Mama Amos, miche ikifika siku ishirini na moja, panda, usinisubiri, mimi nitakuja kula." Siku ya ishirini na moja ilikuwa asubuhi iliyofuata. Faustina alimwachia jirani watoto, akamwomba ruhusa shemeji yake, ambaye alikunja suruali akaingia naye majini, majirani wakafuata mmoja mmoja, na kamba ilipoletwa Faustina aliipokea, akaiweka ukingoni, wakalipanda jaruba lote kwa macho.

Baba Amos, miche imeshika. Pumzika.