Mstari wa Penseli wa Bwana Shahidi

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Shahidi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bandari. Shangazi, dada yake mkubwa, anasema alihesabu ndege kabla hajajua kuhesabu vidole, na shangazi naye kwa kutia chumvi hajambo.

Alimaliza sekondari mwaka 1975. Hisabati ilimpiga chenga, licha ya ndege wote hao, ila mwandiko wake ulisifiwa na kila mwalimu.

Mwandiko huo ulimpatia kazi ya ukarani mwaka 1978 katika hifadhi ya ardhi oevu iliyo kando ya bahari. Kila majira ya machipuko, ndege waelekeao kaskazini walipotua kula kwenye tope, alfajiri ilimkuta kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na darubini, chupa ya chai na daftari. Sheria ya daftari aliitunga mwenyewe: ndege adimu haandikwi kwa wino mpaka aonwe na watu wawili, na wote watie sahihi. Aliyeona peke yake aliandika kwa penseli, na ya penseli hayakuingia kwenye ripoti.

Tarehe 11 Aprili 1983 aliandika kwa penseli: "Domomwiko mmoja, miguu myekundu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi." Ndege huyo mweupe, mwenye mdomo bapa kama mwiko, alikuwa hajawahi kuonekana pale. Wenzake walimtania mpaka anastaafu: "Bwana Shahidi kakosa shahidi!" Yeye alicheka nao. Sisi wanawe ilituuma.

Alifunga ndoa na mama tarehe 8 Desemba 1984. Mama alikuwa karani wa posta, na baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa hifadhi, mzee mkali aliyepitia daftari lile kila Ijumaa.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua baba. Wodini nilimuuliza juu ya mstari ule. Akatabasamu. "Muulize mama yako. Mimi niliahidi kufunga mdomo." Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Juzi mama alituambia, na ameniruhusu nisome.

"Nilikuwa naye kibandani. Babu yenu nilimdanganya nina zamu ya mapema posta. Jina langu lingeandikwa, mzee angelisoma Ijumaa, ningekoma! Mzee alipofariki nikamwambia baba yenu, nipe kalamu nitie sahihi. Akakataa. 'Acha bwana, watajua tulikuwa wawili kabla ya posa. Wanicheke mimi, nimeshazoea.' Miaka yote hiyo, jamani. Na ndege nilimwona kwa macho yangu."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake. Tunamkumbuka sana, hata kile kikohozi chake cha kutunyamazisha ndege wasiruke.

Leo asubuhi hifadhi ilituletea daftari nyumbani. Mama alivaa miwani, akapitisha wino juu ya penseli, herufi kwa herufi, akatia sahihi yake chini ya ile ya baba.

Lala kwa amani, baba. Shahidi wako amejitokeza.