Lifti Zako Zimeshindaje?

Kwenye basi la jioni, kiti cha mbele yangu, fundi lifti mwenye mvi alikuwa akimwonyesha simu dada aliyeketi naye, mtu asiyemjua kabisa. Mimi nilijifanya naangalia dirishani. "Soma, mwanangu. Kuna kampuni inanitaka. Wameanza hivi: 'Fundi, lifti zako zimeshindaje?' Ndivyo alivyokuwa akiniuliza marehemu mke wangu kila nikirudi nyumbani."

Dada akasoma, akatabasamu kwa shida. "Baba, usije ukaumia bure. Hiyo ndiyo kazi yangu, kutafutia kampuni wafanyakazi. Naipa akili bandia wasifu wa mtu kama wewe, inatunga salamu ya kumfaa yeye. Wengine mia nao wanatungiwa za kwao."

"Najua ni mashine." Hakukasirika, ningekuwa mimi ningekasirika. "Lakini nimejibu. Nimeeleza ile lifti ya wodi ya wazazi inavyogoma mvua ikinyesha. Nimesema pia nyumba imekuwa kimya mno."

"Na kazi je, unaitaka?"

"Kazi ya nini, na magoti haya?"

"Sasa ulijibu ili iweje?"

"Si nimeulizwa, mama?"

Dada akachezea mkanda wa mkoba.

"Hebu niambie wewe mwenye kazi," mzee akasema taratibu. "Watu wakijibu, kuna anayesoma?"

Dada akabonyeza kengele. Basi likasimama, akashuka bila kuaga. Tiketi yake, niliyomwona akiikata, ilikuwa ya kituo cha mwisho.